Kwa nini hatuikumbuki miaka yetu ya kwanza?

Watu wazima wengi, wakiulizwa ni tukio gani la kwanza kabisa wanalolikumbuka maishani, hutaja jambo lililotokea walipokuwa na umri wa miaka mitatu au minne. Kabla ya hapo pana giza. Kunyonya, kuota meno, kutambaa, hatua ya kwanza na neno la kwanza, yote hayo yamepita, na mhusika mwenyewe hana habari nayo isipokuwa ile aliyopewa na wengine.

Hali hiyo wanasaikolojia huiita usahaulifu wa utotoni. Si ugonjwa, wala si dalili ya upungufu wa akili. Kila mwanadamu anayo. Kwa zaidi ya miaka mia moja watafiti wamekuwa wakitafuta chanzo chake, na majibu waliyoyapata yanagusa maswali yasiyo ya maabara peke yake. Ni nani anayetunza habari za miaka yetu ya mwanzo? Tunaweza kuziamini kwa kiasi gani? Na huwaje pale mtoto anapotenganishwa na watu walioishuhudia miaka hiyo?

Mpaka wa miaka mitatu

Katika miaka ya 1890, Victor na Catherine Henri wa Ufaransa walisambaza maswali wakiwataka watu waeleze kumbukumbu zao za mwanzo kabisa. Wengi wa waliojibu walitaja matukio ya umri wa kati ya miaka miwili na minne. Uchunguzi mwingi uliofanywa baadaye katika nchi za Magharibi umekuja na wastani wa miaka mitatu hadi mitatu na nusu. Hata baada ya hapo kumbukumbu huwa haba. Matukio ya miaka mitano na sita hukumbukwa kwa vipande, na ni kuanzia umri wa miaka saba hivi ndipo mtu mzima hupata mfululizo unaoeleweka.

Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyeandika juu ya jambo hili mwaka 1899 na tena mwaka 1905, alidai kwamba kumbukumbu za utotoni zimefukiwa na nafsi yenyewe kwa sababu zina mambo yanayotia haya. Maelezo hayo yameachwa na watafiti walio wengi. Lakini swali lake lilibaki: mtoto wa miaka miwili ana macho, masikio na akili ya kujifunza kwa kasi ambayo mtu mzima hawezi kuifikia, basi kwa nini asiyaweke aliyoyaona?

Mpaka huo una maana hata katika historia ya Afrika Mashariki. Mtu aliyezaliwa Unguja mwaka 1957 anaweza kabisa kuwa na kumbukumbu yake mwenyewe ya siku za Mapinduzi ya Januari 1964. Aliyezaliwa mwaka 1962, ambaye familia yake iliishia Oman au Uingereza, anaweza kuisimulia asubuhi hiyo kwa ufasaha uleule, lakini kuna uwezekano mkubwa kwamba anachokisimulia alikipokea kutoka kwa mama, shangazi au kaka mkubwa. Huyo wa pili hasemi uongo. Amerithi kumbukumbu, na urithi huo umekaa ndani yake muda mrefu kiasi kwamba hawezi tena kuutofautisha na mali yake.

Kumbukumbu si ya aina moja

Ili kuelewa kinachopotea, ni lazima kwanza kujua kwamba neno kumbukumbu limebeba mambo kadhaa. Mwaka 1972 mwanasaikolojia Endel Tulving, mzaliwa wa Estonia aliyefundisha Toronto nchini Kanada, alitenganisha aina mbili za kumbukumbu za muda mrefu. Aina ya kwanza ni kumbukumbu za maarifa, kama vile kujua kwamba Kigoma iko kando ya Ziwa Tanganyika. Mtu analijua jambo hilo bila kukumbuka ni siku gani aliambiwa. Aina ya pili ni kumbukumbu za matukio, ambazo humrudisha mtu mahali fulani na wakati fulani, naye mwenyewe akiwamo.

Ipo pia aina ya tatu, ambayo ni kumbukumbu za ustadi. Anayejua kusuka ukili, kukuna nazi au kuendesha baiskeli hahitaji kukumbuka lolote kwa maneno. Mikono na miguu yake inajua.

Mtoto mdogo hasahau ustadi wala maarifa. Anajifunza kutembea, kula, kusema na kuwatambua watu wake, na mambo hayo anakwenda nayo hadi uzeeni. Kinachopotea ni matukio.

Ushahidi mkubwa kwamba aina hizi zinatumia njia tofauti ulitoka kwa Mmarekani mmoja, Henry Molaison. Mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 27, alifanyiwa upasuaji huko Hartford, Connecticut, ili kutuliza kifafa kilichokuwa kimemlemea. Daktari William Scoville aliondoa sehemu za ndani ya ubongo wake, upande wa kushoto na wa kulia, ikiwamo sehemu kubwa ya kiungo kidogo kilichopinda kiitwacho hipokampasi. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku hiyo Molaison hakuweza kuweka kumbukumbu mpya ya tukio lolote. Alizungumza vizuri, aliwakumbuka wazazi wake na nyumba aliyokulia, lakini mtu aliyetoka chumbani na kurejea baada ya dakika chache alikuwa mgeni kwake.

Mwanasaikolojia Brenda Milner wa Montreal alimpa zoezi la kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo. Kila siku Molaison alichora vizuri kuliko jana yake, na kila siku aliamini kwamba hajawahi kulifanya zoezi hilo. Mkono ulikuwa umejifunza, ilhali mwenye mkono hakuwa na habari. Molaison alifariki mwaka 2008, baada ya kushiriki katika utafiti kwa zaidi ya miaka hamsini.

Jinsi kumbukumbu inavyowekwa

Kumbukumbu moja haikai mahali pamoja kama kitabu kwenye rafu. Harufu ya karafuu zilizoanikwa, sauti ya bibi na joto la sakafu hushughulikiwa na sehemu mbalimbali za ubongo. Kazi ya hipokampasi ni kuzifunga sehemu hizo pamoja, ili moja ikiguswa baadaye, nyingine nazo ziamke.

Kufungwa huko hufanyika katika viunganishi vya chembe za neva. Mwaka 1973 Tim Bliss, Mwingereza, na Terje Lømo, Mnorwe, walitangaza matokeo ya majaribio yao ya Oslo juu ya sungura. Walionyesha kwamba chembe zikisisimuliwa kwa nguvu kwa muda mfupi, mawasiliano baina yao huimarika na kubaki imara kwa saa nyingi. Naye Eric Kandel wa New York, kwa kumchunguza konokono wa baharini mwenye chembe kubwa za neva, alibainisha tofauti baina ya kumbukumbu ya muda mfupi na ya muda mrefu. Ya kwanza inategemea mabadiliko ya kemikali yanayopita upesi. Ya pili inadai chembe zitengeneze protini mpya na kuotesha viunganishi vipya. Kwa maneno mengine, kukumbuka kwa muda mrefu ni ujenzi.

Kandel, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2000 pamoja na wenzake wawili, alikuwa mtoto wa miaka tisa pale familia yake ya Kiyahudi ilipoikimbia Vienna mwaka 1939. Ameandika kwamba mwaka wake wa mwisho katika mji huo, chini ya utawala wa Wanazi, ndio uliomfanya ajiulize kwa nini mambo mengine hayafutiki.

Ujenzi huo hauishi siku moja. Wakati wa usingizi ubongo huyarudia matukio ya mchana, na kwa muda wa miezi na miaka kumbukumbu huzidi kujikita katika tabaka la nje la ubongo.

Je, mtoto mchanga hahifadhi kitu?

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba hipokampasi ya mtoto mchanga haijakomaa na kwa hiyo haiwezi kazi. Dhana hiyo imepingwa kwa ushahidi. Carolyn Rovee-Collier, mtafiti wa Marekani, aliwafunga watoto utepe mguuni na kuuunganisha na kichezeo kilichoning'inizwa juu ya kitanda. Mtoto alitambua upesi kwamba akirusha mguu, kichezeo kinacheza. Watoto wa miezi miwili walilikumbuka jambo hilo kwa siku moja au mbili, wa miezi mitatu kwa takriban wiki moja, na wa miezi sita kwa wiki mbili hivi.

Mnamo Machi 2025, watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha matokeo ya kazi ngumu zaidi. Waliwaingiza watoto 26, wenye umri wa kati ya miezi minne na miezi 25, katika mashine inayopiga picha za ubongo kwa sumaku, wakiwa macho, na kuwaonyesha picha. Hipokampasi ilipofanya kazi kwa nguvu wakati mtoto anaiona picha kwa mara ya kwanza, mtoto alielekea kuitambua baadaye. Dalili hiyo ilikuwa wazi zaidi kwa watoto waliopita mwaka mmoja.

Kwa hiyo mtoto huweka. Swali linageuka: kwa nini baadaye haviokoteki vile alivyoviweka?

Maelezo matatu

Maelezo ya kwanza yanatokana na ukuaji wa ubongo wenyewe. Mwaka 2014, kundi la watafiti wa Toronto wakiongozwa na Paul Frankland na Sheena Josselyn lilionyesha kwamba kuzaliwa kwa chembe mpya za neva katika hipokampasi, jambo linalotokea kwa wingi utotoni, huvuruga mafundo yaliyokwisha kufungwa. Panya wachanga waliopunguziwa kasi ya chembe hizo mpya walikumbuka zaidi. Panya wakubwa walioongezewa walisahau zaidi. Mwaka 2018 watafiti hao walipiga hatua nyingine. Waliziamsha kwa mwanga chembe zilizokuwa zimeshiriki katika somo la panya mchanga, na panya huyo, aliyekwisha kuwa mkubwa na kuonekana amesahau, akakumbuka. Angalau kwa panya, kumbukumbu ilikuwapo ila njia ya kuifikia ilikuwa imezibika. Njia hiyo haiwezi kutumiwa kwa binadamu, kwani ilihitaji kubadili jeni za mnyama na kupitisha mwanga ndani ya ubongo wake.

Maelezo ya pili ni lugha. Huko New Zealand, Gabrielle Simcock na Harlene Hayne waliwachezesha watoto wa miaka miwili hadi mitatu kwa mashine ya ajabu iliyoonekana kuvipunguza vitu ukubwa. Baada ya miezi sita au mwaka mmoja, watoto hao waliweza kuvitambua vitu katika picha na kuigiza jinsi mashine ilivyotumika. Lakini walipoulizwa kwa maneno, hakuna aliyetumia neno ambalo hakuwa nalo siku ya tukio, ijapokuwa sasa alilijua. Kilichowekwa bila maneno hakikutafsiriwa baadaye kuwa maneno.

Maelezo ya tatu ni kwamba kusahau huja kidogo kidogo. Patricia Bauer na Marina Larkina wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, waliwarekodi watoto wa miaka mitatu wakizungumza na wazazi wao juu ya matukio ya karibuni, kisha wakawauliza tena miaka kadhaa baadaye. Waliokuwa na umri wa miaka mitano hadi saba walikumbuka zaidi ya asilimia 60 ya matukio yale. Waliofikia miaka minane au tisa walikumbuka chini ya asilimia 40. Hivyo mtoto wa miaka sita bado anayo mengi ambayo atakuwa ameyapoteza kabla ya kufika miaka kumi.

Nafasi ya masimulizi

Hapa ndipo jamii inapoingia. Mwaka 2000 Hayne na wenzake walilinganisha kumbukumbu za kwanza za watu wazima wa New Zealand. Wenye asili ya Ulaya walianzia wastani wa miaka mitatu na nusu, wenye asili ya Asia karibu na miaka mitano, na Wamaori, wenyeji wa visiwa hivyo, chini kidogo ya miaka mitatu. Watafiti waliihusisha tofauti hiyo na uzito ambao Wamaori huupa wakati uliopita: ukoo, mababu na visa vya familia ni mazungumzo ya kila siku mbele ya watoto.

Uchunguzi mwingine juu ya akina mama na watoto wao umeelekea huko huko. Mzazi anayemuuliza mtoto, "Tulikwenda wapi siku ile? Nani alikuja? Ulijisikiaje?" na kuliendeleza jibu lake, humlea mtoto mwenye kumbukumbu pana kuliko yule anayeulizwa swali la kujibiwa ndiyo au la.

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki kazi hiyo ilifanywa na bibi, bila mtu yeyote kuiita sayansi. Jina la mtoto lilikuwa na kisa chake, na kisa hicho kilirudiwa mbele ya mwenye jina. Mwaka haukutajwa kwa tarakimu, bali kwa jambo: mwaka wa njaa, mwaka wa nzige, na kwa vizazi vya karibuni, mwaka wa mvua za El Niño za 1997 na 1998. Mtoto aliyesikia hayo alipata uzi wa kuyatungia matukio yake mwenyewe.

Kumbukumbu ya uongo isiyo uongo

Hata hivyo, masimulizi yana upande wa pili. Jean Piaget, mwanasaikolojia mashuhuri wa Uswisi, alieleza kwamba aliikumbuka waziwazi siku aliyonusurika kutekwa jijini Paris akiwa mdogo ndani ya kigari chake. Aliziona alama za kucha usoni mwa yaya aliyemtetea. Alipofikia umri wa miaka 15 hivi, yaya huyo aliwaandikia wazazi wake barua ya kuungama kwamba kisa kizima alikitunga, akairudisha na saa aliyozawadiwa. Piaget alikuwa amekisikia kisa hicho utotoni na kukijengea picha.

Mwaka 1995 Elizabeth Loftus na Jacqueline Pickrell wa Marekani walionyesha kwamba hilo linaweza kutendeka kwa makusudi. Waliwapa watu 24 masimulizi ya utotoni, moja likiwa la kubuni, la kupotea katika jengo la maduka. Takriban robo yao walilikubali, kwa ukamilifu au kwa sehemu, na baadhi wakaliongezea habari zao wenyewe. Mwaka 2000 Karim Nader na wenzake wa New York walitoa sababu moja inayowezekana. Kwa kuwachunguza panya, waligundua kwamba kumbukumbu inapoamshwa hulegea, na ni lazima ijengwe upya ili ibaki. Wakati wa ujenzi huo inaweza kubadilika.

Mwingereza Frederic Bartlett alikuwa ameliona jambo hilo mapema. Katika kitabu chake cha mwaka 1932 alisema kukumbuka ni kujenga upya kwa kufuata yale yenye thamani kwa mtu na jamii yake. Alimtaja mchungaji wa Swaziland, nchi iitwayo Eswatini tangu mwaka 2018, aliyeweza kueleza rangi na bei za ng'ombe walionunuliwa yapata mwaka mmoja kabla, akikosea kidogo tu. Kwa watu ambao ng'ombe ni nguzo ya maisha, Bartlett hakuliona hilo kuwa muujiza.

Wanaotakiwa kukumbuka

Kwa wengi, haya yote ni mambo ya kuvutia tu. Kwa wengine, maisha yao yanayategemea. Mwombaji wa hifadhi ya ukimbizi huhojiwa zaidi ya mara moja, na maelezo yake yakitofautiana huweza kuhesabiwa mwongo. Mwaka 2002, Jane Herlihy na wenzake nchini Uingereza waliwahoji mara mbili wakimbizi kutoka Bosnia na Kosovo waliokwisha kupewa ruhusa ya kukaa, na kwa hiyo wasio na sababu ya kudanganya. Maelezo yao yalitofautiana hata hivyo, hasa katika mambo ya pembeni ya tukio. Waliokuwa na majeraha makubwa ya nafsi walizidi kutofautiana kadiri muda ulivyopita baina ya mahojiano. Kutofautiana peke yake, watafiti walihitimisha, si ushahidi wa uongo.

Mzigo ni mzito zaidi kwa mtoto. Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda mwaka 1994, makumi ya maelfu ya watoto walikuwa wametengana na jamaa zao, ndani ya nchi na katika kambi za nchi jirani. Wakubwa waliweza kutaja jina la baba na kijiji. Wadogo hawakuweza. Kwa hao, Msalaba Mwekundu, UNICEF na mashirika mengine yalipiga picha na kuzibandika kwenye mbao ili jamaa waje kuzitazama. Sura ya mtoto ndiyo iliyosimama badala ya maneno, na kukumbuka likawa jukumu la wazima.

Lugha ya kwanza

Lugha nayo hufuata njia hiyohiyo. Christophe Pallier na wenzake wa Ufaransa walichapisha mwaka 2003 uchunguzi wa vijana waliozaliwa Korea na kulelewa na familia za Kifaransa tangu wakiwa na miaka kati ya mitatu na minane. Hawakuweza kuitambua lugha yao ya kwanza, na ubongo wao haukuonyesha tofauti ulipoisikia. Lakini mwaka 2014 utafiti wa Montreal ulionyesha kwamba wasichana waliotolewa China wakiwa na umri wa karibu mwaka mmoja, na wasiojua neno la Kichina, bado walizipokea toni za lugha hiyo kwa njia ileile ya wazungumzaji wake. Na mwaka 2017 ilibainika Uholanzi kwamba watu wazima walioletwa kutoka Korea wakiwa watoto, hata wale waliofika kabla ya miezi sita, walijifunza kutamka sauti za Kikorea vizuri kuliko wasiowahi kuisikia. Maneno yameondoka, sikio limebaki na kitu.

Kwa familia zilizo mbali na kwao, hitimisho la tafiti hizi ni la vitendo. Mtoto aliyeondoka Mombasa, Bujumbura au Bukavu akiwa na miaka miwili hatayakumbuka maisha ya huko kwa juhudi zake, wala halaumiwi. Atayapata kwa wanaosimulia, na usimulizi una muda wake, kwa sababu wazee huondoka na kati ya miaka sita na tisa mtoto hupoteza mengi. Kwa kuwa simulizi nalo hubadilika kila linaporudiwa, yafaa liandikwe mapema. Picha yenye majina nyuma yake, tarehe ya safari, jina la mtaa na la mkunga aliyempokea ni ushahidi ambao mtoto hawezi kujipatia mwenyewe, na siku moja anaweza kuulizwa.